Mtungi wa Bibi Daba

Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, suruali nimeikunja hadi magotini, kata ya maji mkononi, pale Bibi Daba Ndoye alipotoka ndani ya nyumba yake huko Wakam, pembeni mwa Dakar, na kunikuta natawadha kwa maji ya jini lake.

"Wewe! Wewe mwanamume! Weka hiyo kata!"

Nikaiweka. Kwa ile haraka nikakosa mizani, nikaushika mtungi, mtungi ukainama, na maji yote yaliyobaki yakanimwagikia suruali, tena mahali ambapo mtu mwenye mvi hapendi kuonekana amelowa.

Nijitetee kidogo. Nimepika melini nusu ya umri wangu. Nimeshuka Abidjan, Libreville, Luanda mpaka Marseille, na nilidhani najua kusoma ua wa watu. Ukikuta mtungi kivulini, una kifuniko, na ndani mizizi inaelea, hayo ni maji ya kunywa. Kwetu Kaolack kila mama hutia mizizi ili maji yanukie. Birika sikuliona, adhuhuri ilikuwa inanipita, na dalali aliyetuleta, mtu wa makamo aitwaye Laye, mwenye simu mbili na maneno ya simu tatu, alikuwa ameniambia nijisikie nyumbani. Nikajisikia.

"Unajua hayo maji ni ya nani?" akauliza yule bibi.

"Ya mwenye nyumba, mama."

"Umesema kweli. Ya mwenye nyumba. Ya Waral."

Nikamgeukia dalali. "Laye, si ulisema mwenye nyumba yuko Italia?"

"Huyo ni mtoto wa bibi," Laye akasema, macho yake yakiusoma ukuta. "Huyu wa mtungi ni... wa zamani kidogo."

Bibi Daba alinitazama kutoka juu hadi kwenye kile kiloba cha maji nilichovaa. "Jina la ukoo?"

"Faye. Latir Faye."

"Mserere!" Akapiga makofi. "Ningejuaje? Watumwa wetu hawa, ukiwawekea maji ya kunywa wanaosha nyayo."

"Afadhali sisi tunaonawa," nikamjibu, maana kabila langu na lake ni watani tangu mababu, na utani ukichokozwa haulali. "Ninyi Walebu mnanuka samaki mpaka paka wanawafuata msikitini."

Alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Alikuwa anautazama mtungi mtupu. Akaingia ndani kutafuta maziwa mgando, akisema lazima aombe radhi kabla jua halijageuka.

Nieleze tulifuata nini pale. Mpwa wangu Arame, binti wa dada yangu, ni mtia rangi nguo. Kaolack nzima inamjua kwa nili yake. Mumewe Birane alipata kazi bandarini Dakar na akataka familia ihamie huko. Arame akasema sawa, lakini kwa sharti: aone kwanza mitaa, na nyumba iwe na ua wa udongo, achimbe vishimo vyake vya rangi. Bila udongo hana kazi, na bila kazi atakuwa mke wa kuletewa chumvi. Akikosa ua, atabaki Kaolack na watoto, na Birane aende peke yake. Kwa kuwa mimi ndiye mjomba, tena najidai kuijua Dakar kama mfuko wangu, niliombwa nizunguke nao mtaa kwa mtaa, na neno langu liwe la mwisho. Mnaona walivyochagua vibaya.

Basi Arame, aliyelelewa vizuri na dada yangu, aliona haya kwa niaba yangu. Akachukua ndoo, akaenda bombani, akaujaza ule mtungi hadi shingoni na kuufunika. Bibi Daba akarudi na kibuyu cha maziwa, akainua kifuniko, akachungulia.

"Nani kajaza?"

"Mimi, bibi. Mjomba alikuwa ameyamaliza."

"Unakaa wapi, mwanangu?"

"Bado. Ndiyo tunatafuta."

Bibi akaweka mkono kifuani. "Sikiliza. Anayeujaza mtungi ndiye mwenyeji wake. Waral anamfuata. Na wewe huna pa kumweka. Kaa hapa kidogo nimwambie kwamba si wewe."

Arame alikuwa ameshavuta kigoda. Birane ndiye aliyeharibu. Alikuwa mlangoni muda wote, viatu vyake vyeupe ameviinua kama vile ua ule ungemng'ata. "Mchanga tupu," alikuwa akinung'unika, "mchanga na mbuzi, mtu umetoka kijijini kuja kijijini." Akaingia, akamshika mkewe mkono. "Taksi inangoja. Hatukuja Dakar kuongea na mitungi."

"Birane, bibi amesema—"

"Twende!"

Akamvuta. Nami, mjomba mwenye neno la mwisho, nikawafuata nyuma suruali ikichuruzika.

Dereva wa taksi alikataa kuwasha gari. "Watano sibebi. Polisi wako pale juu."

"Tuko wanne," Laye akamwambia.

Dereva akatazama kwenye kioo chake, akageuka, akatutazama mmoja mmoja: Birane mbele, Arame, mimi na Laye nyuma. Akafuta kioo kwa kiganja. Akawasha gari, ila njia nzima alikuwa anakitazama kioo kile kuliko barabara. Tulipofika njia panda akauliza nani amemwaga maziwa ndani ya gari lake. Hakuna aliyekuwa na maziwa. Lakini harufu ilikuwepo, maziwa yaliyoganda yakakaa, na udongo mbichi, udongo wa kaburi lililochimbwa sasa hivi. Kiti kati yangu na Arame kilikuwa kimelowa. Nikadhani ni mimi, kwa sababu zinazoeleweka.

Mtaa wa Medina tulipanda ghorofani kwa Alhaji mmoja mwenye tumbo na masharti. Alianza kuyasema tukiwa bado ngazini. Kutwanga marufuku. Kuanika nguo dirishani marufuku. Watoto wawili mwisho, na wasikimbie. Wageni waage mapema. Nilianza kuchemka. Mtu umejenga nyumba ya kupangisha, halafu hutaki waishi watu! Nikataka kumwambia apangishe masanduku. Lakini Birane alikuwa anaitikia kila sharti, "Vizuri, Alhaji, nidhamu nzuri," na mimi nikatafuna ulimi.

Tulipofika juu tukakuta nyayo. Vigae vilikuwa vya manjano, vimepigwa deki vikakauka, na juu yake nyayo za maji zilianzia mlangoni, mlango ambao Alhaji ndiyo kwanza anaufungua, zikaenda chumba cha kwanza, zikaingia cha pili, zikasimama katikati ya sebule. Nyayo kubwa, za mtu asiyevaa viatu, vidole vimeachana. Za kuingia tu. Za kutoka hazikuwepo.

"Nani yumo?" Alhaji akaita.

Choo kikajibu kwa tone. Tone jingine. Kisha mlio wa mtu anayenawa miguu taratibu, anamimina, anasugua, anamimina.

Arame akapita katikati yetu, akavua viatu, akazikanyaga zile nyayo moja baada ya nyingine, hatua ndefu kuliko miguu yake, mpaka akafika zilipoishia. Akapiga kisigino chini. Mara ya pili, kwa nguvu.

"Sementi," akasema.

Ile sauti haikuwa ya mpwa wangu. Ilikuwa ya mwanamume mzee, nzito, inatoka chini ya koo kama ndoo inayopandishwa kisimani.

"Nitalala wapi hapa?"

"Chumba cha kulala ndicho kile, mama," Alhaji akasema, maskini, biashara mbele.

Arame akamgeukia. "Ndugu yangu alikaa hapa. Palikuwa na mti na jiwe lake. Babu yako alikuwa anamletea uji wa mtama, na wewe ukibebwa mgongoni. Sasa umemjengea choo kichwani!"

Alhaji akakaa chini palepale kwenye vigae vyake vya nidhamu. Niliposikia viatu vikishuka ngazi mbio nikajua dalali ameondoka. Laye hakurudi hata kudai chake.

Barabarani Arame alirudi kuwa Arame, amejaa jasho, ananiuliza kwa nini tumetoka haraka. Nikamwambia Birane, pembeni, kwa sauti ya chini, turudi Wakam.

"Mjomba na wewe? Mtu aliyefika Ulaya?"

"Huko Ulaya sikuwahi kuona mwanamke anaongea kwa sauti ya babu yake."

"Amechoka. Amekasirika kwa sababu hapendi ghorofa. Mimi namjua mke wangu. Tuone nyumba moja tu ya mwisho, iko Gediawaye, mpya kabisa. Mlinzi ana ufunguo. Ukiiona, mjomba, wewe mwenyewe utasema neno."

Ningekataa. Lakini Arame akasema, kwa upole ulionichoma, "Twende mjomba, tumalize. Nisije nikaambiwa sikuangalia."

Tukafika Gediawaye magharibi inaingia, ile saa ambayo mama zetu hawaruhusu mtoto kukaa nje wala mtu kumwaga maji ya moto. Jengo lilikuwa jeupe, limesimama juu ya mchanga uliozikwa kwa sementi hadi ukingo wa barabara. Hata mche wa kukojolewa na mbwa haukuwepo. Birane akapanda mbele hadi mlango wa orofa ya tatu, akapiga kelele kumwita mlinzi. Mlinzi hakuitika. Akaita tena, akifanya mikono hivi na hivi, kama mtu wa maigizo.

"Fungua," ile sauti ikasema nyuma yangu.

Birane akaganda.

"Fungua. Ufunguo uko mfuko wako wa kushoto. Unao tangu kabla mvua hazijaanza."

Nikamtazama. Simulizi nyingi nimezisikia za watu kubadilika rangi, sikuziamini mpaka siku ile. Mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoka na ufunguo, ukafungua.

Ndani palikuwa na friji. Palikuwa na kitanda kimetandikwa na televisheni ukutani. Na madirishani yalining'inia mapazia ya nili, mawimbi meupe juu ya bluu, kazi ambayo kipofu angeitambua kwa kupapasa, yale mapazia ambayo Arame alikesha nayo mwezi wa Ramadhani kwa sababu Birane alimwambia ni zawadi ya bosi wake mpya.

Basi tulikuwa tumezungushwa jua zima, Wakam, Medina, tukahesabishwa madirisha na kuonyeshwa mabomba, tukaombwa rai kama watu wenye akili, na huyu bwana alikuwa ameshahamia! Nyumba ameshaichagua, ametandika, na mapazia amemfanya mkewe mwenyewe ayatie rangi. Mimi si mtu wa kupiga watu. Melini nilipigwa zaidi. Lakini nilimkamata shati na nilikuwa nimeshainua mkono, niliposikia kigae kinapasuka.

Kilipasuka katikati ya sebule, kwa mlio wa mfupa, na katika ufa ule yakachomoza maji, si mengi, kama jasho, kisha kigae cha pili kikapasuka na cha tatu, ufa ukikimbilia kitanda na ukipanda ukutani, na ile harufu ya maziwa na kaburi ikajaa chumba mpaka macho yakatutoka machozi, na Arame akiwa amepiga magoti katikati anafukua vigae kwa kucha, damu inamtoka vidoleni, anafukua kama mbwa anayetafuta alichozika, huku sauti mbili zinamtoka kwa zamu, ya mzee ikiunguruma "udongo uko wapi, mmeupeleka wapi udongo," na ya kwake ikilia "mapazia yangu, Birane, mapazia yangu," mpaka zikachanganyika nikashindwa kujua ipi inauliza na ipi inajibu, na pazia la dirisha la kati, ambalo nyuma yake hapakuwa na upepo wala mtu, likavimba taratibu, likachora bega, likachora kichwa kikubwa kilichoinama kumtazama. Kisha Arame akafungua kinywa, na kinywa chake kilikuwa kimejaa maji hadi kwenye midomo, na mizizi inaelea.

Alikuwa anazama. Nchi kavu, orofa ya tatu, mpwa wangu alikuwa anazama mbele yangu.

Nilimbeba. Sijui mgongo wangu ulikubali vipi, hadi leo unanidai. Nilimlaza kifudifudi begani maji yakimtoka na mengine yakija, nikateremka ngazi nikisoma kila sura ninayoijua na nyingine nusu nusu, na Birane nyuma anasema "Mjomba, mjomba," nami nikamwambia akiniita tena mjomba nitamtupa.

Taksi ilipotufikisha Wakam, Bibi Daba alikuwa amekaa langoni anatungoja, kibuyu miguuni. Akainuka. "Mlaze mchangani. Pale, karibu na mtungi. Wewe mwenye viatu vyeupe, vivue."

Birane akavivua.

Bibi akamwaga maziwa mgando na mtama kuzunguka kichwa cha Arame, akampaka utosini, akachuchumaa kama anayezungumza na jirani juu ya ukuta. "Waral. Shuka."

"Sishuki." Maji yalikuwa yameacha kutoka. Arame alikuwa anapumua, macho wazi, hayapepesi. "Wanao wanataka kuumwagia ua huu sementi. Nimewasikia kwenye simu yako."

"Nikiwa hai hawamwagi."

"Wewe utaishi mpaka lini? Mti wa Medina wamekata. Mchanga wa Gediawaye wameuziba. Ndugu zangu wanazurura barabarani kama mbuzi. Mimi nimepata nyumba." Mkono wa Arame ukapanda, ukajipapasa kifuani, polepole, jinsi mpangaji anavyopapasa ukuta. "Humu kuna nafasi. Humu kuna moto. Huyu ana hasira nzuri, imekaa siku nyingi, hakuna aliyeitumia. Nakaa humu."

Niliogopa pale kuliko nilivyoogopa kule orofani.

Bibi Daba alimzaba kofi. Si la nguvu, la bibi kwa mjukuu anayejibu vibaya. "Hasira hiyo ina mwenyewe! Haipangishwi! Arame! Arame binti wa nani huyu?"

"Wa Tening," nikasema. "Dada yangu Tening."

"Arame binti Tening, ulimjazia maji kwa adabu, si kwa agano. Yamwage mwenyewe. Inuka."

Hakuinuka. Vidole vyake vilivyochubuka vilitambaa mchangani, vikaushika mtungi shingoni. Sijawahi kuona mtu akivutana na mwili wake namna ile. Mkono unasukuma, bega linarudisha, meno yanagongana, na ile sauti inaunguruma usiusogeze, mwanamke, usiusogeze, nitakupa nguvu, hakuna mwanamume atakayekudanganya tena. Hapo akasita. Wallahi alisita, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningeifikiria bei hiyo.

Kisha akasukuma kwa miguu yote miwili. Mtungi ukalala, maji yakatoka kwa mlio mrefu kama pumzi, na mchanga ukayanywa yote palepale, haukuacha hata tope.

Bibi Daba akausimamisha mtungi, akaujaza kwa mkono wake, akaweka mizizi, akaweka kibuyu cha maziwa pembeni. "Mwenyeji wako ni mimi," akasema. "Nikifa, tutaelewana siku hiyo."

Tukakaa mchangani. Na bila paka wala mtoto karibu, maziwa kwenye kibuyu yakaanza kupungua. Tulisikia. Ulimi mkubwa, taratibu, unalamba.

Arame akainuka akaketi. Akafuta mdomo kwa khanga. Akaviangalia vidole vyake, akaniangalia mimi, akaniuliza kama nimekula. Kisha akamwona Birane, amesimama peku mchangani na viatu vyake mkononi.

"Wewe," akasema. Akasimama. "Wewe mtu wa mlinzi! Mlinzi yuko wapi, Birane? Mwite! Umenipandisha ngazi za Dakar nzima kama mbuzi wa mnada, na kitanda umeshatandika! Mapazia yangu! Nilipofushwa macho na nili mwezi mtukufu ili wewe uzibe jua! Sihami! Umesikia? Sihami leo, sihami kesho, vishimo vyangu viko Kaolack na mimi narudi Kaolack na mjomba, na mapazia yangu utayashusha wewe mwenyewe, mkono kwa mkono, uyakunje, uyalete mpaka mlangoni, na ukifika usibishe hodi, weka chini uondoke!"

Alikuwa anamsogelea kila neno, na sauti ilikuwa nzito, na macho yalikuwa yanawaka. Birane akarudi kinyumenyume hadi akajificha nyuma ya Bibi Daba, ameushika ukingo wa vazi lake.

"Bibi, bado limo! Si unaona? Halijatoka, mfanyie tena!"

Bibi Daba hakugeuka hata shingo.

"Jini liko pale linakunywa," akasema. "Huyo ni mkeo."